Mafundi, acheni kuchomelea mkono wa gia kwenye shafti!

Wakuu, huu ujinga umezidi. Mkono wa gia (kile chuma dereva anachobonyeza kwa mguu kubadilisha gia) ukicheza kidogo tu kwenye shafti yake, yaani kile chuma cha duara kinachotoka ndani ya injini, au dereva akisema gia hazisikiki vizuri mguuni, mafundi wengi wa bodaboda wana dawa moja: kuchomelea. Mteja anaondoka anashukuru, kumbe injini yake ndiyo imeanza kuharibiwa.

Sentimita chache nyuma ya mkono ule kuna sili ya oili, yaani pete inayozuia oili isivuje kandokando ya shafti, na sili ni raba. Raba ya kawaida ikipita nyuzi 120 hivi inaanza kukauka na kupasuka. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1500. Mnategemea ibaki salama kwa muujiza gani? Oili ikianza kuvuja chini ya kava, mwenye pikipiki anaambiwa abadilishe sili. Sili itapitaje, na mkono umeshakuwa kitu kimoja na shafti? Hata kubadilisha sproketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni), ambayo ni kazi ndogo kabisa, sasa inadai grainda. Na pikipiki ikilalia kushoto, mkono wa kawaida hupinda au kuteleza kwenye meno (mistari inayoushika kwenye shafti), unanyooshwa, safari inaendelea. Uliochomelewa unapeleka pigo lote kwenye shafti. Shafti ikipinda, injini inafunguliwa.

Tatizo lenyewe ni dogo. Mkono umetengenezwa kwa chuma laini kuliko shafti makusudi, ili meno ya mkono ndiyo yaliwe kwanza. Ni spea ya kubadilisha! Fungua bolti ya spana namba 10, tena uitoe kabisa, maana inapita kwenye mfereji wa shafti. Ukiilegeza tu na kuvuta kwa nguvu utaharibu uzi wake. Safisha meno kwa brashi ya waya na petroli kidogo, uyatazame. Ya shafti yakiwa bado makali, nunua mkono mpya, usukume hadi mwisho, kaza bolti. Baada ya kukaza, ule mpasuo wa mkono, pale bolti inapoubana kwenye shafti, lazima ubaki na nafasi inayoonekana. Ukifungana kabisa, mkono haubani tena hata ukaze mpaka bolti ikatike. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kuwasha mashine ya kuchomelea. Pitisha msumeno wa chuma kwenye mpasuo mara moja, utapata nafasi ya kubana wakati spea inatafutwa. Uzi wa bolti ukiwa umekufa, toboa tundu lipite upande wa pili kwa milimita 6, weka bolti ndefu kidogo yenye nati ya kujifunga. Kipande cha kopo la soda kinachowekwa kwenye meno ili mkono ubane ni cha kukufikisha nyumbani tu, msikiuze kama matengenezo.

Sasa nyie mnaotaka gia ziingie laini. Mkono si mahali pa kuanzia. Gia ngumu mara nyingi ni klachi isiyoachia vizuri: angalia kwanza waya, mchezo (nafasi tupu kabla waya haujaanza kuvuta) kwenye ncha ya mkono wa klachi uwe milimita 10 hadi 15. Oili iliyochakaa nayo hufanya gia zigome. Hayo yakiwa sawa, ndiyo uguse pembe ya mkono. Kuuhamisha jino moja kunaweza kusogeza ncha sentimita mbili nzima, kwa hiyo jaribu jino moja tu, ukae kwenye siti na kiatu unachoendeshea. Mkono ukiwa juu mno mguu haubonyezi hadi mwisho, gia inabaki katikati na kuruka ukivuta mafuta. Pikipiki zenye fimbo ya kuunganisha mkono wa mguuni na kimkono kifupi cha kwenye shafti hazihitaji hata hilo: legeza nati zote mbili (moja ina uzi wa kushoto, msiivunje), zungusha fimbo yenyewe, na kile kimkono kifupi kwenye shafti kikae pembe mraba na fimbo.

Kukata mkono nako kuna hesabu. Wa milimita 120 ukiukata ubaki 100, mguu unasafiri umbali mfupi zaidi, lakini nguvu inayotakiwa inapanda kwa asilimia 20. Mteja analalamika gia ngumu, nyie mnamfupishia mkono! Na anayerefusha kwa kuchomelea kipande cha bomba ajue anaongeza nguvu inayofika kwenye uma za gia ndani (vyuma vinavyosukuma gia ziingie), na uma ikipinda hakuna mkono utakaoisaidia.

Kwa aliyeshachomelewa: tenganisha betri, kata mkono wenyewe kwa diski nyembamba sambamba na shafti, ukiacha unene kama wa milimita moja bila kugusa meno, kisha uupanue kwa tindo. Usigonge shafti kwa nyundo kuelekea ndani. Weka sili mpya, paka meno ya shafti grisi kidogo, na ukipeleka pikipiki kwa fundi, simama pale pale mpaka amalize.