Naomba ushauri: kompyuta imekuwa nzito baada ya kuhamia Windows 11

Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta mpakato ya Core i5 kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, na diski ya TB 1 ya zamani, ile inayozunguka. Wiki mbili zilizopita niliitoa Windows 10 kwenda 11, maana muda wa kawaida wa usaidizi wa ile ya 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo kuwaka tu ni dakika saba. Task Manager, ile programu ya Windows ya kuangalia matumizi ya kompyuta, inaonyesha diski inatumika 100% hata kabla sijafungua kitu, wakati prosesa haifiki 20%.

Nimezima programu zinazojiwasha zenyewe, nimefuta mafaili ya mfumo wa zamani, nimeskani virusi, nimeiacha usiku kucha imalize masasisho. Bado. Fundi mmoja anasema niongeze RAM, mwingine anasema nibadili diski. Hela ninayo ya kimoja tu, na hesabu zote za kikundi chetu cha kuweka na kukopa ziko humu, kwa hiyo naogopa kukosea.

Je, nikiweka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) peke yake tatizo litaisha? Na nihamishe mfumo ulivyo, au nipige Windows upya?