Mrejesho: birthday ya mke wangu kwenye ukungu wa Mam Tor

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza nimpeleke wapi mke wangu siku yake ya kuzaliwa, maana hotelini kashachoka na bajeti yangu mnaijua. Mkasema kilima cha Mam Tor, kule Peak District, Uingereza, tuwahi alfajiri.

Tumeenda. Saa 12 asubuhi giza totoro, baridi ya Oktoba inaingia mpaka kwenye meno. Kilima chenyewe ni mita 517 tu, na njia imetandikwa mawe, lakini yale mawe yakilowa yanateleza kama bamia. Mke wangu kaninunia nusu ya safari. "Ndiyo zawadi hii?" Nikanyamaza, nimebeba chupa ya chai na vitumbua.

Kileleni hatukuona kitu. Ukungu mtupu, kondoo wanakohoa pembeni (nilidhani ni mtu!). Nikawasha mshumaa juu ya kitumbua, upepo ukazima. Mara tatu. Ya nne akaanza kucheka mwenyewe.

Ilipokaribia saa 2 hivi jua likatoka, kumbe tulikuwa juu ya ukungu, haukuwa umetufunika tena. Bonde la Edale lote limejaa kama maziwa, vilima vinachungulia tu. Akasema, "Hii ni kama Lushoto kwetu." Akanyamaza muda mrefu.

Tukatembea mgongoni mwa kilima hadi njia panda ya Hollins Cross, tukashukia kijiji cha Castleton kula chipsi.

Aliyenishauri nibebe soksi za akiba, Mungu akuzidishie. Zangu alivaa yeye.