Naomba ushauri: nataka kupunguza hewa ukaa nyumbani kwangu, nianzie wapi?

Temboni Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana nilirudi kwetu Handeni baada ya muda mrefu. Pori nililochungia mbuzi utotoni limebaki visiki, na kando ya njia matanuri ya mkaa yanafuka. Nikarudi Dar, nikaliangalia gunia lililo jikoni kwangu, nikanyamaza.

Tuko watu 6, Kimara Temboni. Mtungi wa gesi upo, lakini ni wa chai tu. Maharage, makande na ubwabwa vinapikwa kwa mkaa, maana mama anaamini vikiwekwa kwenye gesi mtungi hautamaliza wiki. Kazini Posta naenda na gari ndogo, peke yangu. Friji ni la mtumba. Mshahara ni huo huo, siwezi kufunga sola nyumba nzima. Nianze na lipi?

Mpishi wa Tabata
Anza na mkaa, na ndani ya mkaa anza na maharage. Mama ana haki kuhusu gesi: maharage makavu yanakaa motoni saa mbili na zaidi. Mimi nilinunua presha kuka ya umeme. Nusu kilo ya maharage inaiva ndani ya saa moja na haili hata yuniti 1, kwa sababu ikishapanda presha inajikata yenyewe na kuwaka kwa vipindi. Nazi na chumvi natia baadaye, nikishafungua.

Ila angalia mita yako ya LUKU. Kama uko kwenye bei ya watumiaji wadogo, usivuke yuniti 75 kwa mwezi, utaingia bei ya juu.

Mzee wa Ilala
Kijana, Mtanzania mmoja hatoi hata nusu tani ya hewa ukaa ya mafuta na gesi kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unapita tani 4. Kwa nini ujitese wewe?

Temboni Kwetu
Shikamoo mzee. Hesabu hiyo haigusi miti iliyokatwa kule kwetu, na mimi ndiye mnunuzi. Hilo ndilo linaloniuma.

Miombo
Umesema kweli. Nimefanya kazi misituni miaka mingi. Tanuri la udongo linakula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, mchomaji asipokuwa na ujuzi inazidi. Sehemu kubwa ya kinachobaki inapanda kama moshi, ukiwemo methani, kabla gunia halijafika barabarani. Na umeme wa presha kuka hautoki mbinguni, mwingine ni wa gesi asilia, ila tangu 2024 Bwawa la Nyerere kule Rufiji limeingia kwenye gridi. Ukilinganisha na tanuri, hakuna mashindano.

Abiria wa Saa Kumi na Moja
Gari nalo lina uzito wake. Temboni hadi Posta na kurudi ni kama kilomita 40. Kwa foleni ya Ubungo gari ndogo inakula lita 4, na kila lita ya petroli inatoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Kwa siku 22 za kazi ni kilo 200 hivi. Mimi naacha gari nyumbani siku 3 kwa wiki, napanda basi la mwendokasi Kimara mapema kabla watu hawajajaa.

Fundi Friji
Kabla ya kufikiria friji jipya, bana noti kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umekwisha na mota inafanya kazi mchana kutwa. Badilisha mpira, lisogeze friji mbali na ukuta. AC kama unayo, weka 25 na feni juu.

Temboni Kwetu
Nimepima sasa hivi, noti imetoka bila hata kukwaruza. Fundi, nitakutafuta inboksi. Gari nitaanza na siku 2. Mama nimemsomea ushauri wa presha kuka, amekubali kujaribu, ila anauliza: maharage yalowekwe?

Mpishi wa Tabata
Mwambie aloweke usiku kucha, amwage maji ya kwanza. Yataiva kwa nusu ya muda.

Temboni Kwetu
Ameshayaloweka.