Hoteli ya Makka haikuwa tuliyoahidiwa: nimdai wakala au niache?

Muulizaji, Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tumerejea kutoka Umra wiki mbili zilizopita, mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi mwenye miaka 71, na kuna jambo limenikaa moyoni hata nimeona niwaombe ushauri. Tulimlipa wakala wa hapa mjini shilingi 990,000, naye akatuandikia kwa WhatsApp kwamba hoteli iko mita 400 kutoka Msikiti wa Haram, "dakika tano kwa miguu, hata mama ataweza". Tulipofika usiku wa manane tulipelekwa Aziziyah, mtaa ulio kilomita kadhaa kutoka Haram, tukatiwa sote watano katika chumba kimoja ilhali tulilipia viwili.

Kiyoyozi kilichodondosha maji zuliani tulikiwekea beseni, na lifti moja iliyokuwa ikifanya kazi kati ya tatu tuliipangia foleni bila kusema neno. Kilichotuumiza ni umbali, kwa sababu mama alikuwa ameweka nia ya kuswali swala zote tano Haram, akijua kuwa swala moja pale imetajwa kuwa bora kuliko swala laki moja kwingineko. Asubuhi ya siku ya tatu basi la hoteli halikuja kabisa. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mapokezi, ndara zake amekwisha kuzitia katika mfuko kama tufanyavyo tukikaribia mlango wa msikiti, na adhana ya Alfajiri inasikika kutoka simu ya mlinzi. Akaniambia, "Leo tuswali papa hapa, mwanangu."

Wakala anajitetea kwa maneno ya mkataba, "hoteli ya nyota nne au inayolingana nayo". Mama naye amenikataza kudai, akihofu tutapoteza thawabu, na isitoshe tunaswali na wakala huyo msikiti mmoja. Nifanyeje?

Bint Tanga

Pole sana kaka, na umpe mama pole zangu. Sisi yalitukuta hayohayo, na tangu hapo sitoi hata senti kabla ya kupewa jina la hoteli, nikaitafuta kwenye ramani na kuipigia simu mwenyewe kuuliza kama majina yetu yamo. Ungekuwa bado kule ningekushauri upige 930, namba ya Wizara ya Utalii ya Saudia inayopokea malalamiko kuhusu hoteli.

Mwanasheria, Kisauni

Ndugu, maneno "au inayolingana nayo" yanahusu daraja la hoteli, hayafuti ahadi ya mita 400 uliyopewa kwa maandishi, wala hayageuzi vyumba viwili kuwa kimoja. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo kuhusu huduma anayouziwa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambapo unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili na shauri hukusudiwa kumalizika ndani ya siku 60.

Hata hivyo usianzie mahakamani, wala usidai fedha zote, kwa kuwa viza, tiketi na usafiri mlivipata. Dai tofauti ya bei ya hoteli na chumba kilichokosekana, pamoja na nauli za teksi mlizolazimika kulipa. Mwandikie barua yenye tarehe, umpe siku 14, na uambatishe ujumbe wake wa WhatsApp, taarifa ya malipo ya M-Pesa na picha za chumba.

Aliyewahi kufanya kazi ya uwakala

Niongeze jambo moja ambalo wateja hawalijui. Mara nyingi wakala wa huku hakodi hoteli moja kwa moja, bali hununua vitanda kwa dalali aliye Makka, na msimu ukichangamka dalali huwauzia wengine vyumba vya karibu kwa bei kubwa zaidi, kikundi chako kikahamishiwa Aziziyah. Mwombe akuonyeshe vocha ya hoteli ya kwanza, yaani hati ya kuthibitisha kuwa vyumba vilikodiwa. Akiwa nayo, naye amedhulumiwa na anaweza kumdai dalali wake. Akiwa hana, ujue hakuwahi kuikodi.

Mzee wa Mji wa Kale

Mwanangu, mwambie mama kwa upole kwamba nia yake imeandikwa, na kudai haki kwa adabu hakubatilishi Umra ya mtu. Sura ya al-Maida inafunguliwa kwa amri, "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi", na amri hiyo inamhusu wakala kama inavyotuhusu sisi. Kama wapo watakaokushauri ulitangaze jina lake mitandaoni, usiwasikilize, maana ukikosea jambo moja utakuwa wewe ndiye unayedaiwa. Mwendee nyumbani kwake baada ya Isha, ukiwa na mtu mzima mmoja anayemheshimu, kabla ya kumpa barua.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama maneno ya mzee, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama fedha zikirudi zingetosha kumrudisha Makka peke yake, hoteli ya karibu, japo kwa siku tatu. Nimekwisha kuzungumza na imamu wetu, naye amekubali kufuatana nami kwa wakala kesho baada ya Isha. Barua nimeiandika usiku huu, na la kwanza ninaloliomba humo ni hiyo vocha.