Uzao wa Kibosho 🌿: kizimba cha Popi

JUMAPILI

19:04 Neema: Shikamoo Mama. Shikamoo Baba Mdogo. Wengine za jioni. Jumamosi ndiyo safari, Jumatatu yake Mama anaonana na daktari wa macho. Popi hawezi kubaki peke yake, yule kijana si alishaondoka. Kwa hiyo anakuja Tabata. Mwenye nyumba kakubali kwa sharti moja: usiku mbwa alale kizimbani. Nataka vipimo na michango LEO.

19:05 Baraka: Popi kapandishwa kizimbani 😂 kwa kosa gani?

19:05 Baraka: Wakili wake mimi

19:11 Mama Kelvin: 😂😂

19:12 Neema: Baraka, sina muda huo.

19:40 Neema: Watu kumi na mmoja mmesoma. Kumi na mmoja.

20:47 Elia Minnesota: Huku mbwa kulala kwenye kreti ni kawaida tu

20:48 Baraka: Ya soda au ya bia?

20:55 Elia Minnesota: Pimeni kama wanavyopima watu wa ndege. Kutoka pua hadi mkia unapoanzia, ongeza nusu ya mguu wa mbele, kutoka chini hadi kiwiko. Huo ndio urefu. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni hadi ncha ya masikio akiwa amesimama, ongeza na tandiko lake.

20:57 Neema: Asante kaka, ila Popi anakuja na Noah.

20:58 Elia Minnesota: Mbwa ni yuleyule. Asimame bila kuinama, ageuke, alale kajinyoosha.

20:59 Baraka: Mimi Desemba nilikuja Dar na basi, katika hayo matatu sikupata hata moja

21:20 Upendo: Shikamooni wote. Nimempima kwa kamba, Bibi kashika mfupa. Urefu sm 112

21:21 Neema: Ni mbwa au ndama? Mkia umeuhesabu?

21:21 Upendo: 🙈

21:34 Upendo: 78. Kiwiko 30. Masikio 62. Mabega kakataa

21:36 Neema: 78 na 15, 93. Naweka 95 kwa 60, kimo 68. Nimeshampa fundi wangu elfu sitini ya kuanzia.

JUMATATU

07:15 Neema: [Picha]

07:16 Neema: Kaanza jana usiku 🙏

07:31 Elia Minnesota: Hizo ni nondo za milimita 12? Anafungiwa mbwa au benki? Nani atakibeba?

07:50 Mama Kelvin: Wifi samahani, naomba kuuliza. Fundi yuko Tabata. Mbwa yuko Kibosho.

07:50 Mama Kelvin: Njiani atakaa kwenye nini?

08:26 Baraka: 💀

09:02 Neema: Nilikuwa nafikiria usiku wa huku. Haya. Kuna haja ya kingine kitengenezwe Moshi, tena upesi. Daktari wa mifugo kaniambia mbwa asiingizwe mara ya kwanza siku ya safari, atapiga kelele hadi Chalinze. Kwanza mlango uachwe wazi, chakula awekewe humohumo, aingie na kutoka mwenyewe. Akishazoea ndipo unafunga dakika tano, kesho kumi. Asifungiwe kwa kuadhibiwa, atakichukia. Akiwa ndani avuliwe mkanda wa shingoni, usije ukanasa. Chini isiwe wavu mtupu, vidole vinaumia, iwekwe plaiwudi na tandiko. Ncha za wavu zipigwe msasa. Dawa za usingizi asipewe. Tukisimama Mombo ashushwe na kamba, anywe maji, asiachwe kwenye gari lililofungwa vioo.

09:05 Neema: Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Upendo, uitafute.

09:40 Baraka: Popi anasafiri vizuri kuliko Kelvin

09:44 Baraka: Naweza kuongea na fundi wa Majengo. Skwea paipu ya inchi moja na wavu, haitakuwa nzito

10:03 Elia Minnesota: Baraka ndiye atakayenunua vyuma?

10:03 Elia Minnesota: Nauliza tu

10:06 Baraka: Kaka sema unachotaka kusema

10:09 Elia Minnesota: Geti la Mama. Nilituma hela ya nondo, geti sikuliona. Zilizobaki zingetosha vizimba vya mbwa wa kata nzima.

10:10 Mama Kelvin: Ujumbe huu umefutwa

10:12 Neema: Jamani si hapa. Tuko kwenye Popi.

10:14 Baraka: Miaka minne. Kila nikifungua mdomo, geti.

10:15 Elia Minnesota: Kwa sababu hujawahi kujibu

13:37 Upendo: Bibi kaniambia nimsomee zote. Kasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

13:41 Upendo: "Nondo niliziuza mimi. Baraka nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Nilizifanyia nini msiniulize. Elia, usimtaje tena mdogo wako kwa hilo. Na huyo mbwa, baba yenu hakumfungia hata siku moja. Simkatai mwenye nyumba wa Neema, nyumba ni yake. Lakini kizimba kije hapa kwanza nikione, nikiguse kwa mkono wangu. Popi akigoma kuingia, na mimi siingii kwenye gari."

13:42 Upendo: Basi. Kaingia jikoni.

16:20 Neema: Tumesikia Mama.

16:58 Elia Minnesota: Samahani Mama.

17:30 Elia Minnesota: Baraka nipigie

JUMANNE

06:48 Baraka: Fundi wa Majengo anasema Alhamisi jioni. Anataka nusu sasa.

06:52 Neema: Alhamisi jioni, Ijumaa siku moja tu ya kuzoea! Mwambie Jumatano. Nusu anatoa nani? Yangu imeshakwama kwenye hii benki ya Tabata.

07:40 Neema: ??

08:15 Upendo: Tumeanza kumpa chakula chini ya meza, tumezungushia kanga tukaacha mlango. Kaingia. Katoka na kanga

08:16 Mama Kelvin: 😂 Ile mpya?

08:19 Neema: Elia, nusu?

11:03 Baba Mdogo Anael: Marahaba Neema. Popi ndiye yupi, yule mweusi?