Mteja akisema ataua mtu, mwanasaikolojia atunze siri?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Mteja yuko mbele ya mwanasaikolojia, anasema atamuua mtu, na ukimsikiliza unajua kabisa anamsema nani. Mtaalamu afanye nini?

Msimamo wangu: hapo siri imefika mwisho, na wa kuambiwa ni yule anayetishiwa. Polisi peke yao hawatoshi.

Kisa kinachotajwa sana kilitokea Marekani mwaka 1969. Prosenjit Poddar, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wake, Lawrence Moore, kwamba atamuua msichana fulani. Hakutaja jina, lakini kumjua haikuwa kazi. Moore hakupuuza, aliwaandikia polisi wa chuo. Wakamshika kijana, wakamhoji, wakaona ana akili timamu, akaahidi kukaa mbali na binti, wakamwachia. Mkubwa wa Moore akaagiza suala lisifuatiliwe tena. Muda huo binti mwenyewe, Tatiana Tarasoff, alikuwa Brazil. Aliporudi hakuna aliyemwambia kitu, na wazazi wake nao hawakuambiwa. Tarehe 27 Oktoba Poddar alimfuata nyumbani akamuua.

Kinachoniuma ni kwamba siri ilikuwa imeshatoka! Polisi walijua, wakubwa wa kliniki walijua. Aliyefichwa ni yule ambaye roho yake ilikuwa hatarini.

Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda anayetishiwa. Lakini kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, zinamruhusu tu kutoa siri ili kuzuia madhara pale sheria inapokubali. Zenyewe hazimlazimishi. Mtaalamu mwenye hofu ya kushtakiwa na mteja wake akipewa hiari, atanyamaza.

JIBU: Mkuu, nakupinga. Watu wanamwaga hasira kwenye tiba na wengi hawamgusi mtu. Ukiweka lazima, mwenye mawazo hayo hatakuja, au atakuja afunge mdomo. Poddar mwenyewe hakurudi kwenye tiba baada ya polisi kumhoji. Aliyekuwa anamsikiliza ndiye aliyempoteza. Na usidhani mahakama zote zinakubaliana na California: mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Texas iliukataa wajibu wa kumwonya mtu wa tatu.

MLETA MADA: Hilo la Poddar kuacha tiba ni zito, sitalipita juu juu. Ila linaonyesha ubaya wa kufanya nusu: mteja alipotea na binti hakuonywa. Tumelipia gharama yote, faida hatukuipata.

Hasira ya kupita siihesabu. Naongelea mtu mwenye nia, mwenye mlengwa anayejulikana, na mwenye uwezo wa kumfikia. Na kuhusu kufunga mdomo, kanuni hizo hizo za APA zinataka mteja aelezwe mipaka ya siri tangu mwanzo. Basi aelezwe kikao cha kwanza kwa lugha ya wazi, mdomo kwa mdomo, isiwe mstari uliofichwa kwenye fomu anayosaini bila kusoma: ukiniambia unakwenda kumuua mtu, nitamjulisha.

Panaponipa shida ni kwa mteja mwenye chuki na kundi zima la watu, asiye na mlengwa mmoja. Huyo utamwonya nani? Mwenye kigezo alete tukipime.