Mjadala: Je, Uingereza na Ujerumani zilipe deni la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza?

Mleta mada, Voi

Wadau, naomba tulijadili hili bila kukwepana. Wafalme wa Ulaya waligombana katikati ya mwaka 1914, na mwezi Agosti mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wameshaiteka Taveta. Vita vya huku vilikwisha tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Ulaya ilikuwa imenyamazisha bunduki wiki mbili kabla.

Katika miaka hiyo minne jeshi lilitembea kwa vichwa vya watu. Reli zilikuwa chache na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo kila sanduku la risasi na kila mzigo wa unga ulibebwa na mtu. Uingereza peke yake ilichukua takriban watu milioni moja kuwa wapagazi. Wengi walikamatwa, maana sheria iliyotungwa Kenya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, wanakaribia 100,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo imepunguzwa. Risasi iliua wachache. Kuhara damu, kichomi na malaria ndivyo vilivyowamaliza. Watu waliokulia kwenye ndizi au wali walipewa unga wa mahindi usioiva sawasawa, wakaharisha hadi kufa njiani, na mzigo ukahamishiwa kichwa kingine. Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani wapagazi wao hawakuwekewa hata hesabu ya kueleweka.

Sasa hoja yangu. Watu wakisikia neno fidia hudhani tunaomba huruma. Mimi nazungumzia mshahara. Vita vilipokwisha, ujira wa wapagazi waliokufa au kupotea ulibaki bila mtu wa kuudai, na ukakaa mikononi mwa Waingereza. Maofisa wa kikoloni wenyewe waliiomba London iutoe utumike kwa manufaa ya watu walikotoka wapagazi hao. London ikakataa. Mtu akikufanyia kazi akafa kabla ya kulipwa, unamlipa nani? Unawalipa watu wake. Mimi nasema walipe, na riba juu.

Mchangiaji, Kisumu

Mleta mada, uchungu wako naushiriki, lakini hesabu yako inanitatiza. Wazee wa Mau Mau, walioteswa wakati wa kupigania uhuru wa Kenya, walilipwa na Uingereza mwaka 2013, pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, kwa sababu walikuwa hai. Walisimama wakasema: mimi ndiye niliyefanyiwa hivi. Mpagazi wa mwaka 1917 atatoa ushahidi gani leo? Kijana aliyechukuliwa kabla ya kuoa, akafia bonde la Rufiji, mrithi wake ni nani? Wajukuu wa ndugu zake watakuwa mamia, na nusu yao hawajawahi kusikia jina lake.

Pia tusisahau kwamba waliopita kijijini na kamba walikuwa machifu wetu. Na hizo fedha zikija, mkononi mwa nani? Tunazijua serikali zetu. Zitaishia kwenye semina na magari.

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu wa Kisumu, ngoja nikukumbushe jambo lililofanyika hapa kwetu. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck malimbikizo yao. Ofisi ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350, na wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Inasimuliwa kwamba afisa aliwapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Wote wakaliweza.

Miaka 46 ilikuwa imepita, karatasi hakuna, na bado njia ya kulipa ilipatikana. Kwa hiyo ugumu wa ushahidi si jibu. Lakini waliolipwa ni waliobeba bunduki. Aliyebeba sanduku la risasi za bunduki hiyo hakuitwa. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo kuliko penginepo.

Mchangiaji, Bujumbura

Mnaitaja Uingereza na Ujerumani tu. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora Septemba 1916, nalo lilibebewa mizigo na watu wetu na wa Kongo. Baada ya vita Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi. Kichwa cha mjadala kiongezwe Ubelgiji.

Mchangiaji, Dodoma

Nimesoma yote, na nauliza: mbona mnahesabu wanaume tu? Kwetu Ugogo Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka ili kulisha jeshi. Walipoondolewa, Waingereza nao wakachukua, pamoja na wanaume wa kulima. Kisha mvua ikakosa. Njaa ile tunaiita Mtunya, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000. Wazazi waliweka watoto rehani kwa watu wenye chakula. Waliobaki wakakutana na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918. Mama aliyekufa Mtunya hakuwahi kuandikwa na jeshi lolote. Mkimlipa mpagazi peke yake mmewaacha nje wengi waliokufa kwa vita hivyohivyo.

Mleta mada, Voi

Nianze na Kisumu. Chifu alipewa idadi ya watu na mkuu wa wilaya, na asiyeifikisha alijua cheo chake kitakwenda. Walikuwepo waliojinufaisha, sikatai. Ila deni hubaki kwa aliyetumia kazi.

Kuhusu ushahidi, serikali ileile ilijua idadi ya vibanda vya kila kijiji ilipotaka kodi. Wapagazi walikuwa na namba na daftari za malipo, ndiyo maana ilijulikana kuna mishahara isiyochukuliwa. Majina yalikosa thamani pale tu yalipohitajika kaburini. Hapa Voi, na Maktau, na Taveta, kuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri sana, kila jiwe na jina la askari wake. Wapagazi waliowafikishia chakula hawana mawe. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Fedha haikutajwa.

Na linganisheni malipo yenyewe. Kuanzia mwaka 1919 wanajeshi wazungu walipewa mashamba Kenya kama shukrani ya vita, mengine yakimegwa kutoka ardhi ya Wanandi. Mpagazi aliyerudi hai alikuta kipande, yaani kitambulisho cha lazima, cha kuvaa shingoni. Anayesema wakati ule hapakuwa na uwezo wa kulipa anisaidie kulielewa hilo.

Nakubali kwamba kumtafuta mrithi mmoja mmoja hakuwezekani. Napendekeza fedha ziende kwenye maeneo waliyotolewa, zahanati na shule, chini ya kamati za wenyeji, bila kupitia hazina. Bujumbura, umesema kweli, Ubelgiji iingie.

Mchangiaji, Kisumu

Zahanati ni wajibu wa serikali yangu, sitaki ijengwe kwa damu ya babu yangu halafu waziri akaizindue. Mimi nataka majina kwanza. Daftari zilizobaki zifunguliwe zote, London, Nairobi na Dar es Salaam, zisomwe hadharani vijijini. Tukishajua waliokuwa wetu, ndipo tuongee pesa. Kabla ya hapo ukidai utapewa kiasi kidogo cha kukunyamazisha, na utatia sahihi.

Mchangiaji, Dodoma

Kaka zangu, mnaelekea kupatana kuhusu daftari za mishahara, na swali langu hamjaligusa. Ng'ombe na mbegu za Ugogo ziliandikwa kwenye daftari gani? Mleta mada, unapoandika kwamba ni deni la mshahara tu, unatutoa kwenye madai kabla hayajafika popote. Ongeza chakula kilichochukuliwa, au niambie wazi kwa nini hukiongezi.